Nashon Wamalwa na Vyumba Vilivyoitwa Stoo

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko dukani, mwombe mteja asubiri kidogo. Leo tunamkumbuka mtu wa hapa hapa Kampala. Wengi wenu hamkumjua kwa sura. Lakini wapo kati yenu ambao maji yalipita mbele ya mlango wao bila kuingia ndani, na ni kwa sababu yake.

Jina lake Nashon Wamalwa. Alikuwa mchoraji wa ramani. Hakuchora kwa kalamu na rula kama wapimaji wa zamani. Alichora kwa kompyuta. Narudia kwa wale mliofungua redio sasa hivi: tunamzungumzia Nashon Wamalwa, mchoraji wa ramani za mafuriko. Amefariki mwezi uliopita nyumbani kwake Luzira, kwa ugonjwa wa figo. Ameacha mke, Joska Laker, na watoto ambao bado wako shule.

Nashon alizaliwa Nsambya, kwenye nyumba za reli. Baba yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, akaoa, akakaa. Vita vilipokwisha mwaka wa themanini na sita, Nashon alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Treni zikawa chache. Mshahara wa baba ukawa unakuja unapotaka. Wenzao wengi walifunga mizigo wakarudi Kenya. Wao walibaki.

Mama yake Nashon hakujua kusoma. Siku akitaka kwenda mahali asipopajua, mwanawe alimchorea njia. Hapa kanisa. Hapa bomba la maji. Hapa mbwa mkali. Mama alishika karatasi yake akaenda, akafika.

Dada yake, Nafuna, alicheka alipotusimulia, ingawa macho yalikuwa yamevimba. "Na mbwa alikuwepo kweli!" alisema. "Mama alirudi anacheka mpaka akakaa chini. Lakini Nashon alikuwa anachora hata ukutani. Tena ukuta wa jirani! Alichapwa, banange, huyo alichapwa."

Basi akakua, akasomea upimaji wa ardhi, akapata kazi kwenye ofisi moja inayoshughulika na maafa. Jina la ofisi tutaliacha. Huko ndiko alikokutana na ile programu ya kompyuta ya kuchora ramani.

Sasa nataka tuelewane hapa, wasikilizaji wapendwa, maana bila hili hatutamwelewa Nashon. Programu ile unaieleza mambo. Unaieleza ardhi imeinuka wapi na imeshuka wapi. Unaieleza mfereji una upana gani, nyumba ni ya matofali au ya udongo, na ndani wanalala watu wangapi. Kisha unaiuliza swali. Maji yakifika magotini, nani ataumia? Yakifika kifuani, je? Kompyuta inakujibu kwa rangi. Nyekundu, hapo pana watu na pana hatari. Njano, hatari ni ndogo. Kijivu, hapo hakuna mtu wa kumtafuta.

Kwa hiyo unajua hasara kabla ya mvua. Unajua nani apigiwe simu kwanza. Unajua vijana wa uokoaji waanzie mlango gani.

Kuna mtaa mmoja bondeni, chini ya Mbuya. Watu wake wametuomba tusiutaje, kwa hiyo leo tutauita Kasenke. Nashon alipouingiza mtaa huo kwenye kompyuta, aliona rangi nyekundu nyingi sana. Akachunguza, akaona kalvati chini ya barabara. Lilikuwa limeziba kwa taka na matope mpaka juu. Akajaribu kwenye kompyuta kulifungua, na nyumba nyingi zikageuka njano hapo hapo. Akamwita mwenyekiti wa mtaa akamwonyesha. Jumamosi iliyofuata, wanaume wa Kasenke walishuka na majembe. Walitoa kwenye lile kalvati magodoro, matairi, na kitanda kizima cha chuma. Mvua iliyofuata, maji yalipita.

Watu wakampenda Nashon. Wakamwita Daktari wa Mfereji. Wanawake waliokuwa wakikaanga chapati walimkaribisha chai.

Lakini kazi ilikuwa bado. Rangi zile zilikuwa makadirio tu; ilibaki kuingiza watu wenyewe. Nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango. Na hapo ndipo alipokutana na Hajati Kaltumi.

Hajati Kaltumi ni Mnubi, mjane, mtu mzima mwenye sauti inayofika kabla yake. Mumewe alimwachia nyumba Kasenke, na nyuma ya nyumba ile safu ya vyumba vya kupangisha. Mizigo, kama tunavyoviita Kampala: chumba kimoja, mlango mmoja, familia moja. Safu hiyo iko kando ya mfereji kabisa. Ukinyoosha mkono dirishani, unagusa ukingo.

Nashon alifika pale na mashine yake ya kuandikia watu mkononi, akauliza wanalala wangapi.

"Hapa hapana mtu analala," Hajati akasema. "Hii stoo."

"Stoo zote, Hajati?"

"Stoo zote. Wewe Mluya, unataka nini na stoo zangu? Unataka kuhamia?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Nashon naye akacheka. Lakini mlango mmoja ulikuwa wazi, na ndani aliona godoro, sufuria, na gauni la msichana limening'inizwa kwenye msumari.

"Na gauni hili, Hajati? Linavaliwa na gunia?"

Hajati hakucheka. Alimvuta mkono mpaka pembeni. Akashusha sauti, jambo ambalo majirani wanasema ni nadra kwake.

Nyinyi wa Kampala mnaijua ile alama. X kubwa, rangi nyekundu, ukutani. Ukiikuta kwenye nyumba yako asubuhi, huulizi mtu. Unajua tingatinga la kubomoa liko njiani. Hajati Kaltumi alishaiona X ikipakwa kwa dada yake upande wa pili wa bonde. Na wale waliokuja na rangi walitanguliwa na watu wapole wenye mashine mkononi, waliouliza: hapa wanalala wangapi?

Akamuuliza Nashon, "Hiyo ramani yako, nani anaiona?"

"Watu wa uokoaji. Na ofisi."

"Na wale wa rangi?"

Nashon angeweza kusema hapana. Wengi wangesema hapana, waandike, waende zao. Yeye akasema, "Hajati, siwezi kukuapia."

"Kale," akasema Hajati. Maana yake, basi, tumeelewana. "Huwezi kuapa. Andika stoo."

Utaratibu wa ofisi ulikuwa hivi: andika alichosema mwenye nyumba. Usiandike unachodhani. Nashon akaandika stoo. Safu nzima ya Hajati Kaltumi ikawa kijivu kwenye ramani. Na si yake peke yake. Wenye vyumba wengine waliposikia, nao wakasema stoo. Ukingo wote wa mfereji, mahali penye hatari kuliko pote, ukawa kijivu.

Mkewe, Joska, anakumbuka jioni hiyo. "Alikula kidogo," alituambia. "Nikamuuliza, umegombana na nani? Akasema, hakuna. Akasema, leo nimeandika kitu ambacho macho yangu yamekataa."

Nashon alirudi kwa Hajati mara nyingi. Alimfungulia kompyuta, akamwonyesha maji yakipanda. Hajati alitazama mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mimi nakula na hii vyumba. Wewe unakula na hiyo kompyuta. Kila mtu ashike chakula yake." Akamwekea chai, wakanywa, wakaongea habari za watoto. Kuhusu stoo, jibu lilibaki lile lile.

Akaenda kwa mkubwa wake ofisini, Bwana Erinayo. Akamwomba wabadili utaratibu, ramani ionyeshe watu bila majina ya wenye nyumba, ili mtu asiogope kusema. Bwana Erinayo hakuwa mtu mbaya, na nasema hivi kwa sababu wapo wanaomlaumu. Alimwambia, "Nashon, bila jina hiyo si habari. Ni uvumi wenye rangi. Nikiipeleka juu, watanirudishia." Suala likaandikiwa barua, likasubiri. Mambo ya ofisi mnayajua.

Mvua haikusubiri.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Hajati Kaltumi alikuwa Bombo, kwenye harusi ya ndugu zake. Mvua ilianzia milimani, ikashuka bonde zima kwa pamoja. Ujumbe wa onyo ukaenda kwenye simu za watu wa Kasenke, lakini ulikwenda kwa walioandikwa tu. Vijana wa kujitolea wakaingia na ramani, wakagonga milango yote myekundu. Walifanya kazi nzuri. Walitoa wazee, walibeba watoto mabegani. Walipofika ukingo wa mfereji, mmoja wao akatazama simu yake akasema, "Huku ni stoo tu. Twendeni juu." Wakaenda juu.

Wapangaji wa vyumba vile wengi walikuwa sokoni na kazini. Siku ya Jumamosi watu wako kwenye riziki. Lakini chumba chenye lile gauni ukutani kilikuwa na mtu. Nabilah, mjukuu wa Hajati Kaltumi. Alikuwa fundi cherehani. Nyumba kubwa ilikuwa imejaa ndugu, kwa hiyo bibi yake alimpa chumba cha nyuma. Siku hiyo homa ilimzidi, akashindwa kwenda Bombo. Alikuwa amemeza dawa, amejifungia, amelala.

Nashon alikuwa ofisini mbele ya ramani. Aliona kijivu pale ukingoni na akajua kuna nini chini yake. Akapiga simu kwa vijana. Simu zilikuwa zinatumika. Hakuwa na namba ya mtu yeyote wa safu ile, maana stoo haina simu. Akatoka mbio, akachukua boda mpaka pale ambapo boda ilikataa, akaendelea kwa miguu ndani ya maji.

Walivunja mlango yeye na majirani wawili. Walichelewa, wasikilizaji wapendwa. Walichelewa.

Nabilah alizikwa Bombo, kwa haraka kama Waislamu wanavyozika. Nashon alisimama nyuma ya wanaume wote. Hakukaribia. Siku ya tatu ndipo alipoingia kwenye nyumba ya msiba. Hajati Kaltumi alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, na wanawake wamemzunguka. Nashon akapiga magoti mlangoni.

Hajati akamtazama. Akasema mbele ya watu wote, "Uliandika nilichosema."

"Ndiyo, Hajati."

"Hiyo ndiyo kosa yako. Uliona godoro yake. Uliona gauni yake. Ukaandika nilichosema."

Nashon hakujitetea. Angeweza kusema, ni wewe uliyesema. Ilikuwa kweli. Hakusema. Joska anasema mumewe hakulisema hata nyumbani, hata siku moja, mpaka anakufa.

Aliporudi ofisini, hakuomba tena. Alimwambia Bwana Erinayo kwamba kuanzia siku hiyo yeye ataandika watu pale anapoona watu, bila jina la mwenye nyumba. Kama ofisi haitaki, ofisi itafute mchoraji mwingine. Bwana Erinayo alimsukumia kiti. Kisha akasema, "Andika. Nitabishana nao mimi." Na alibishana, tumpe haki yake.

Lakini milango ya Kasenke ilikuwa bado imefungwa. Hofu ya X ilikuwa pale pale. Nashon alianza kuzunguka upya peke yake, na watu wakaendelea kumwambia stoo, stoo, stoo. Mpaka asubuhi moja alipomkuta Hajati Kaltumi amesimama njiani, amevaa mabuti ya mvua, amefunga mtandio.

"Twende," akamwambia. "Wewe hawakuogopi. Mimi wananiogopa."

Wakaenda. Ndugu zangu, hapo ndipo watu walipoisikia ile sauti. Kwa mzee mmoja aitwaye Obonyo, aliyeapa kwamba chumba chake cha nyuma ni cha mkaa, Hajati alisema, "Obonyo, kila asubuhi watoto wanatoka kwa mkaa yako wamevaa yunifomu. Ni mkaa ya darasa la ngapi?" Obonyo alitazama chini. Akasema wako saba, na mama yao. Kwa mwingine hakufanya utani. Alisema tu, "Mimi nilisema stoo." Mlango ukafunguliwa.

Ukingo wa mfereji ukawa mwekundu wote. Nashon alituambia zamani kidogo, alipokuja hapa studio, kwamba hajawahi kufurahi kuona rangi nyekundu kama siku ile.

Na mwaka uliofuata, maji yakaja tena. Yalikuja makubwa kuliko yale ya kwanza. Safari hii ujumbe ulifika kila chumba. Vijana walianzia ukingoni. Okinyi, mpangaji wa Hajati anayebeba mizigo sokoni, alimbeba mama yake mgongoni mpaka shuleni juu ya kilima, ndipo aliposikia vyumba vikianguka nyuma yake. Nusu ya safu ilikwenda na maji. Watu, hakuna hata mmoja aliyekufa. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Kasenke, mwaka ule, hakuna aliyekufa.

Ningependa kuishia hapo. Mungu anajua ningependa. Lakini Nashon Wamalwa hakuwa mtu wa kuficha, na sisi hatutamfichia.

Ile ramani ilipanda juu, kama ramani zinavyopanda. Wakubwa wakaona makadirio ya hasara. Wakaona nyekundu yote ile kando ya mfereji. Hawakuuliza watu wapelekwe wapi. Waliamua vyumba viondolewe. Majina ya wenye nyumba hayakuwamo, lakini mtu mwenye rangi na brashi hahitaji jina lako. Anahitaji ukuta wako.

Nashon alikuwa ameshaanza kuumwa. Miguu ilikuwa imevimba, na mara mbili kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu. Alisikia uamuzi ule kwenye mkutano. Alisimama akapinga, akaambiwa akae. Akatoka. Hakwenda nyumbani. Alikwenda Kasenke, akitembea na fimbo, kumwambia Hajati Kaltumi kwa mdomo wake mwenyewe.

"Hajati, wanakuja na rangi."

"Lini?"

"Wiki hii au ijayo."

Okinyi alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia. Anasema alidhani mama yule atampiga mgonjwa kwa ile fimbo yake.

"Hukuapa," Hajati akasema mwishowe.

"Sikuapa."

"Hukuapa, kweli." Akasimama. "Hii nayo ni mafuriko. Okinyi! Leta nyundo. Tutoe mabati kabla hawajaja kuikunja."

Wakatoa mabati. Wakatoa milango na madirisha na mbao. Nashon hakuweza kubeba, alikaa kwenye kiti cha plastiki akishika misumari waliyokuwa wanaing'oa, akiinyoosha mmoja mmoja kwa jiwe. Tingatinga lilipofika lilikuta kuta tupu.

Wapangaji walitawanyika. Wengine walipata vyumba Banda. Wengine walishuka chini zaidi, kwenye vinamasi vya upande wa Luzira, ambako kodi ni ndogo na bado hakuna mtu aliyechora. Nashon alikuwa na nia ya kwenda kuwaandika huko. Alimwambia mkewe mara nyingi kwamba akipata nguvu kidogo ataanza na huko.

Hakuipata. Joska anasema, "Siku ile aliomba chai ya tangawizi. Nikaenda kuchemsha maji. Niliporudi alikuwa ameshaenda. Nilibaki na kikombe mkononi, sijui nikiweke wapi."

Tulimtembelea Hajati Kaltumi, ambaye sasa anaishi kwa mwanawe Bombo. Alikuja Luzira kwenye msiba, akakaa na Joska siku zote, akapika. Tulimuuliza kama alimsamehe Nashon.

Alitutazama kama tumeuliza jambo la kitoto. "Nimsamehe nini? Aliniambia kweli mara ya kwanza, na mara ya mwisho akaja na miguu imevimba akaniambia kweli. Wapangaji wangu wote wako hai. Mjukuu wangu hayuko, vyumba vyangu haviko. Lakini usiende kwa redio ukasema mimi nina furaha. Sina. Sema nilikuja kumzika."

Tumesema, Hajati, kama ulivyotuambia.

Kwako Joska Laker na watoto, kwako Nafuna na ukoo wote wa Wamalwa hapa na Bungoma, tunawapa pole. Kwako Hajati Kaltumi, pole kwa Nabilah, maana msiba wa zamani nao ni msiba. Mungu aliyempa Nashon macho ya kuona aendelee kuwatazama nyinyi mliobaki.

Na ninyi mnaoshika ramani za watu maofisini: mkiona rangi nyekundu, kumbukeni ni mtu amekubali kuwaambia anapolala. Kabla ya kubomoa, mtafutieni pengine pa kulala.

Na wewe unayesikiliza, mawingu ya masika yameanza kukusanyika juu ya ziwa. Usilale leo kabla hujazunguka nyuma ya nyumba yako na ya jirani yako. Jua nani analala kule, nani mgonjwa, nani amejifungia kwa ndani. Mjue kwa jina. Kisha mkubaliane ni nani atakayegonga mlango wake.